Tegu Asiye na Haraka

Mbuzi akichinjwa, mbwa hufika kabla ya wageni. Hakuna aliyemwalika. Anakaa pembeni, mkia unafagia vumbi, macho hayabanduki kwenye kisu. Mchinjaji anatoa ini, analigeuza, anakunja uso. Juu ya ini kuna vifuko vyeupe vimejaa maji. Nyama hiyo haifai. Basi anakata kipande chenye vifuko, anakirusha, na mbwa anakidaka kabla hakijagusa chini. Watu wanacheka.

Mpwa wangu mmoja hakucheka. Aliuliza: "Mjomba, kama hilo ini ni baya kwetu, mbona kwa mbwa ni zuri?"

Hongera, mtoto wangu. Wapo watu wazima waliochinja mbuzi maisha yao yote na hawajawahi kuuliza hilo. Njoo ukae hapa. Na ninyi wengine sogeeni, nafasi ipo.

Najua mnangoja niseme paukwa. Leo sisemi. Paukwa ni mlango wa mambo ya kale, ya sungura na fisi, na hili ninalotaka kuwaambia limetokea mahali fulani hata leo asubuhi. Tena mwenye hadithi si mimi. Mwenye hadithi ni mdogo mno, na sauti yake ni nyembamba, kwa hiyo nyamazeni kidogo tumsikie.

"Mimi ni tegu. Msinichanganye na binamu yangu wa kwenye nyama ya ng'ombe, yule mrefu wa mita kadhaa. Mimi urefu wangu hauzidi milimita 7. Mkinilaza juu ya ukucha wa kidole gumba, nafasi inabaki. Lakini msinidharau. Kichwani nina vinyonyeo vinne na taji la kulabu. Kwa hizo kulabu najishikiza kwenye utumbo wa mbwa, nikatulia. Sina mdomo. Sina tumbo. Sina haraka."

"Mjomba, kama hana mdomo, anakulaje?"

Swali zuri. Tegu hula kwa ngozi. Yuko ndani ya utumbo, na utumbo umejaa chakula kilichokwisha kusagwa, basi chakula hicho kinampenya mwili mzima. Mdomo wa nini? Mbwa mwenyewe hahisi kitu. Matumboni mwake wanaweza kuwamo mategu maelfu kwa maelfu, naye anakimbia, anabweka, anawinda. Ukimtazama utasema ni mbwa mzima kabisa.

"Mwili wangu una pingili chache," anaendelea tegu, "tatu, au nne. Pingili ya mwisho ndiyo ghala langu. Imejaa mayai, mamia ya mayai. Ikishaiva, hukatika, ikatoka nje pamoja na mavi ya mbwa."

Chekeni tu. Mkishamaliza tuendelee, maana mavi ndiyo barabara ya hadithi yetu, na bila hayo hatufiki popote.

Sasa sikilizeni jambo moja la ajabu, mkilishika hili mmeshika hadithi nzima. Tegu huyu ana nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni mbwa. Humo ni mtu mzima, anataga mayai. Nyumba ya pili ni mbuzi, au kondoo, au ng'ombe, au ngamia. Humo ni mtoto, anakua. Na sheria ya ukoo wao ni ngumu: mtoto hakulii katika nyumba alimozaliwa. Yai lililotoka kwa mbwa haliwezi kuwa tegu ndani ya mbwa. Lazima lihamie kwa mbuzi kwanza. Na aliye ndani ya mbuzi hawezi kuwa mkubwa mpaka ahamie kwa mbwa.

"Lakini Mjomba, tegu hana miguu. Anahamaje?"

Anangoja abebwe. Ndiyo maana nikasema hana haraka.

Tulifuate yai moja. Ni dogo kiasi kwamba ukipanga mayai 25 mstari mmoja, utapata milimita moja hivi. Jicho haliwezi kuliona. Linabaki kwenye mchanga, au linanasa kwenye manyoya ya mbwa, au linashuka majini. Lina ganda gumu. Mahali penye unyevu na baridi linaweza kukaa miezi mingi likiwa hai. Adui yake ni ukavu na jua kali.

Hapo mpwa wangu wa pili, yule asiyependa kushindwa, akadakia: "Basi Turkana tegu huyu hayupo! Mwalimu alituambia kule jua ni kali kuliko kwetu."

Akili yako inakwenda vizuri, nami nimefurahi umeitaja Turkana kabla yangu. Turkana iko kaskazini-magharibi mwa Kenya, kati ya ziwa lenye jina hilohilo na mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Jua lake ni kweli. Yai la tegu likianguka mchangani saa sita mchana, halichukui muda kufa. Lakini hebu fikirini: jua likiwa kali hivyo, nani mwingine analikimbia? Mbwa analikimbia. Mbuzi wanalikimbia. Mama na mtoto wake wanalikimbia. Wote wanakwenda wapi? Chini ya mti uleule. Ndani ya kibanda kilekile. Na kiu ikiwashika, wote wanaelekea kwenye shimo lilelile la maji lililochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Yai lililoanguka juani limekufa. Yai lililoanguka kivulini, penye unyevu kidogo, liko hai, nalo liko mahali ambapo kila mwenye kiu na kila mwenye joto lazima apite.

Kwa hiyo jua kali halimwondoi tegu. Linawakusanya wote mahali pamoja.

Basi mbuzi anakuja. Anakula jani, anakunywa maji, yai limeingia. Tumboni mwake ganda linayeyuka, anatoka buu mdogo mwenye kulabu sita. Kwa kulabu hizo anatoboa ukuta wa utumbo, anaingia kwenye damu, na damu inambeba hadi kwenye ini au mapafu. Huko anasimama. Kulabu anazitupa, hazihitaji tena. Anaanza kujijenga: ukuta mwororo wa ndani unaozaa, na juu yake ukuta mwingine mweupe wenye tabaka nyingi. Katikati anajaza maji, maangavu kabisa. Ndicho kile kifuko alichokiona mchinjaji.

"Mimi sikuhisi kitu," anasema mbuzi. "Nilikula, nikanywa, nikazaa. Mtu akipiga miluzi naitika."

Na ndani ya maji yale kuna nini? Mtu akikipasua kifuko akakitazama vizuri, ataona chembechembe kama mchanga chini. Kila chembe ni kichwa. Kichwa chenye vinyonyeo vinne na taji la kulabu, kimejikunja kwa ndani. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na vichwa maelfu, na kila kichwa ni tegu mmoja anayengoja.

"Anangoja nini, Mjomba?"

Kisu.

Anangoja siku mbuzi atakapochinjwa, na ini likakunjiwa uso, na kipande kikarushwa, na mbwa akakidaka. Siku hiyo vichwa vyote vinazinduka. Kila kimoja kinanyoosha kulabu zake, kinashika utumbo, kinatulia. Baada ya wiki sita hivi pingili ya mwisho imejaa mayai. Tegu amefika nyumbani.

Sasa nakujibu, mpwa wangu uliyeuliza. Lile ini si zuri kwa mbwa. Ni zuri kwa tegu. Mbwa ni mlango tu, na tunaomfungulia tegu mlango ni sisi. Si mbweha. Ni sisi, kwa mkono wetu, huku tukicheka.

Nimeona mmoja wenu ananyanyua mkono taratibu, kama hataki kuuliza. Uliza.

"Na sisi watu? Sisi ni nyumba ya ngapi?"

Sisi hatumo katika hesabu. Tegu hakutupangia. Ila yai halina macho. Mtoto amempapasa mbwa, yai limenasa kidoleni. Mtoto ameshika ugali kwa kidole hicho. Yai limeingia tumboni, ganda limeyeyuka, na yule buu wa kulabu sita hajui kama yuko ndani ya mbuzi au ndani ya mwanafunzi wa darasa la tatu. Anatoboa, anaingia kwenye damu, anafika kwenye ini. Anajenga kifuko chake, anangoja kisu na mbwa.

Atangoja sana. Ini la mtu hatupiwi mbwa. Kwa hiyo tegu amepotea njia, hatafika nyumbani kamwe, nasi tunaumia bure. Katika hadithi nyingi mwovu akishinda, mwema hushindwa. Katika hii wote wamepata hasara.

Ugonjwa huu huitwa haidatidi. Tegu mwenyewe wataalamu humwita ekinokokasi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wakati wowote ule wapo watu zaidi ya milioni moja duniani wanaoishi na magonjwa ya ukoo wa tegu huyu, na wengi wao ni watu wa mifugo: wafugaji wa Afrika Mashariki, wa Afrika Kaskazini, wa milima ya Amerika Kusini, wa Asia ya Kati. Kwa Wamaasai wa Kenya na wa Ngorongoro kule Tanzania ugonjwa huu upo pia.

Ini ndilo huvamiwa zaidi. Mapafu yanafuata. Mara chache sana kifuko hujengeka kwenye mfupa, au moyo, au ubongo. Na ukuaji wake ndio unaomfanya mtu ashindwe kukijua. Kifuko kinaweza kuongezeka sentimita moja kwa mwaka, kingine zaidi, kingine kikatulia miaka na miaka. Yai lililoingia ukiwa na miaka 5 huenda ukalijua ukiwa na miaka 25. Kabla ya hapo huumwi. Unacheza mpira, unafanya mtihani, unaoa. Kisha siku moja tumbo linakuwa zito upande wa kulia, juu, karibu na mbavu. Au kikohozi kisichokwisha, kama kifuko kiko kwenye mapafu. Wapo waliofikishwa hospitali na kifuko chenye lita kadhaa za maji. Lita! Mtu mwembamba, tumbo kubwa, na watu wanamshangaa njiani.

Hatari kubwa ni kifuko kupasuka ndani, labda kwa kuanguka au kugongwa. Maji yale ni mageni mwilini. Mwili unaweza kuyakataa kwa ghafla na kwa ukali, mtu akazimia, hata akafa. Na vichwa vilivyomo vikimwagika tumboni, kila kimoja kinaweza kuanza kifuko kipya.

Mmenyamaza. Hapana, msiogope hivyo. Ulizeni, woga hupungua mtu akiuliza.

"Mtu mwenye kifuko akinigusa, nitapata?"

Hupati. Mgonjwa hatoi mayai. Mayai hutoka kwa mbwa peke yake, na ndugu zake wa porini. Mgonjwa mshike mkono, kaa naye, kula naye.

"Nikila nyama ya yule mbuzi?"

Hupati haidatidi kwa kula nyama. Hata ungemeza kifuko chenyewe, Mungu apishe mbali, kile ni chakula kilichotengenezwa kwa mbwa, si kwako. Wewe unapata kwa yai. Msimchanganye na tegu wa nguruwe, huyo ana sheria nyingine na nyama yake lazima iive sawasawa. Huyo tutamzungumzia siku nyingine.

Turudi Turkana, kwa sababu huko ndiko dunia ilikojifunza mengi.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliokuwa wakipasua wagonjwa wa Turkana walianza kuhesabu. Kaskazini mwa wilaya hiyo walipata takriban watu 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya waliohitaji upasuaji tu, na hapakuwa na mahali pengine duniani palipoandikwa hesabu kubwa kuliko hiyo. Kwa nini pale?

Wako waandishi walioeleza sababu huku wamekunja pua. Mimi sikunji. Fikirini mama aliyetembea mwendo mrefu juani na dumu moja la maji kichwani. Lita 20 za familia nzima. Atanywesha watoto, atapika, au atanawa mikono kila anapomgusa mbwa? Wewe ungechagua nini? Na mbwa yule si wa mapambo. Usiku anabweka fisi akikaribia mbuzi. Anabweka wezi wa mifugo wakija. Ndani ya kibanda analala na watoto, analamba vyombo vikaisha makombo, na mtoto mchanga akijichafua, mbwa ndiye humsafisha kwa ulimi, kwa sababu maji ya kumsafishia hayapo. Mbwa ni mlezi. Kila kitu katika boma lile kina sababu yake, na sababu hizo ni nzuri. Tegu amejipenyeza katikati ya sababu nzuri, akatulia.

Mwaka 1983 shirika la Amref, lile lililoanza mwaka 1957 kwa madaktari wa kuruka na ndege, lilianzisha kazi maalumu ya kupambana na haidatidi kaskazini-magharibi mwa Turkana. Kazi ya kwanza ilikuwa kujua nani ana kifuko na nani hana. Si rahisi. Mfugaji haji hospitali kwa sababu ya kitu asichokihisi. Basi wakaamua hospitali imfuate mfugaji. Walichukua mashine ya altrasaundi, ambayo zamani zile ilikuwa chombo cha hospitali kubwa za mjini, wakaipakia kwenye gari, wakaenda nayo mpaka porini, mahali watu wanapokutana na mifugo yao.

"Mashine inaonaje ndani ya mtu bila kumkata?"

Nilijua mtauliza! Mashine hii haioni, inasikia. Inatuma sauti nyembamba sana, masikio yetu hayaipati. Sauti inaingia tumboni, inagonga nyama, inarudi. Mashine inasikiliza kila mwangwi unaorudi na kuuchora kwenye kioo. Panaporudi mwangwi mwingi panakuwa peupe. Maji yenyewe hayarudishi mwangwi, sauti inapita tu. Kwa hiyo kifuko cha maji kinaonekana kama duara jeusi katikati ya ini. Mtu analala chini ya mti, anapakwa ute wa baridi tumboni, anacheka kwa kutekenywa, na baada ya dakika chache majibu yapo. Hakuna kisu, hakuna sindano.

Kwenye baadhi ya maeneo walipata zaidi ya watu 5 kati ya kila 100 wana vifuko, wengi wao wakitembea, wakicheka, hawajui. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mnaweza kukisia sababu: nani anashinda nyumbani na watoto, na nani anashinda nyumbani na mbwa?

Jambo jingine walilojifunza kwa kutazama matumbo mengi ni kwamba vifuko havifanani. Kingine ni duara safi la maji, kichanga. Kingine kimejaa vifuko vidogo ndani yake. Kingine kuta zimekunjamana, kinazeeka. Kingine kimekauka na kuwa kigumu, kimekufa chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kumtibu mtu, daktari hutazama kwanza kifuko chake kina umri gani. Aliye na kifuko kilichokufa huachwa, anachunguzwa mara kwa mara tu. Aliye na kidogo na kichanga hupewa vidonge vya albendazoli, kwa miezi kadhaa. Kikubwa na cha hatari hupasuliwa, na daktari wa upasuaji hukishika kwa uangalifu mno kisimwagike. Ipo njia nyingine ya sindano, iliyobuniwa na madaktari wa Tunisia katika miaka ya 1980: wanatazama kwa altrasaundi, wanachoma sindano hadi ndani ya kifuko, wanavuta maji, wanaingiza dawa ya kuua vichwa vile, wanangoja kidogo, wanavuta tena. Mimi naipenda njia hii. Nayo haina haraka.

"Mjomba, lakini nani aligundua kwamba ni mbwa?"

Wewe kaa karibu yangu kabisa.

Vifuko vilijulikana tangu kale. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika habari za ini lililojaa maji. Wachinjaji waliviona kila siku. Na tegu mdogo wa mbwa naye alijulikana. Lakini hakuna aliyedhani kwamba hawa wawili ni kiumbe kimoja. Nani angedhani? Mmoja ni mfuko wa maji, mwingine ni mnyoo. Mwaka 1852 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Karl Theodor von Siebold, alifanya jambo ambalo wachinjaji walikuwa wakilifanya siku zote. Alichukua vifuko vya kondoo akawalisha mbwa. Tofauti ni moja tu: yeye baadaye alitazama ndani ya utumbo wa mbwa wale. Akakuta mategu.

Habari hiyo ikafika Isilandi, kisiwa cha baridi kali kaskazini mwa Atlantiki. Mnaona jinsi tegu asivyochagua? Turkana ni joto, Isilandi ni barafu, lakini kote kuna mbwa, kote kuna mifugo, kote ini bovu hurushiwa mbwa. Mwaka 1863 alikwenda huko mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe. Alichunguza mbwa 100, akamkuta tegu huyu katika mbwa 28. Unadhani alifanya nini? Hakuwa na dawa tuliyonayo leo. Hakuwa na altrasaundi. Aliandika kitabu kidogo. Mwaka 1864 kikachapwa kwa lugha ya watu wenyewe na kugawiwa bure majumbani. Alieleza nyumba mbili za tegu, na wapi pa kukata njia: vifuko vichomwe au vizikwe, mbwa asivipate. Watu wa kule walikuwa na mazoea ya kusomeana jioni za baridi, mmoja anasoma, wengine wanafuma sufu. Mwaka 1869 ikaja na sheria ya mbwa. Taratibu wagonjwa wapya wakapungua, na leo haidatidi imetoweka katika kisiwa kile. Kwangu mimi hakuna kitabu cha karne ile kilichofanya kazi kubwa kuliko hicho, na kilikuwa chembamba.

Baadaye wenye mamlaka wa mji mkuu wao, Reykjavík, walipiga marufuku mbwa mjini kuanzia mwaka 1924, na marufuku hiyo ikadumu mpaka 1984. Mimi hapo nawaaga. Ukimwondoa mbwa Turkana, fisi atakushukuru.

Basi tumfanyeje mbwa wetu? Mpeni dawa ya prazikwanteli, bwana mifugo anayo, anajua na kipimo. Inaua mategu yote tumboni. Lakini haiui mayai, kwa hiyo mavi ya siku zinazofuata yafukiwe au yachomwe. Na dawa haikai mwilini kumlinda. Akila kifuko kesho, anaanza upya.

"Kwa hiyo apewe kila siku?"

Hapana, tumia hesabu. Tegu anahitaji muda gani kabla hajaanza kutoa mayai?

"Wiki sita!"

Ndiyo sababu kwenye kampeni kali mbwa hupewa dawa kila baada ya wiki sita. Tegu anafika, anajishikiza, anatulia, na kabla pingili yake haijaiva, dawa imemkuta. Siku hizi ipo hata chanjo ya kondoo na mbuzi, iliyotengenezwa Australia na New Zealand, kufunga mlango wa ile nyumba ya pili. Na kule machinjoni, vifuko viende shimoni, shimo liwe refu, mdomo wake ufunikwe, maana mbwa anajua kufukua kuliko mnavyodhani. Kama huna moyo wa kumnyima mbwa wako, chemsha ini lile nusu saa nzima au zaidi, likiiva hadi ndani, vichwa vyote vimekufa. Na mikono, kabla ya kula, kwa sabuni kama ipo, kwa maji na majivu kama haipo.

Huko Turkana kazi imeendelea miaka mingi, na vipimo vya baadaye vilionyesha wenye vifuko wamepungua. Tegu hajaondoka, ila amesukumwa.

"Mjomba, mpaka lini tutakuwa tunampa mbwa dawa?"

Hilo ndilo swali la leo kuliko yote. New Zealand walitunga sheria yao ya haidatidi mwaka 1959. Mbwa wakaandikishwa, wakapewa dawa, mashimo yakachimbwa, wachinjaji wakafundishwa, mwaka hadi mwaka. Wakatangaza kwamba ugonjwa umeondoka mwaka 2002. Ni miaka mingapi hiyo? Hesabuni. Hapana, weka simu chini, hesabu kwa vidole.